Mgomba wa Mdogo Wangu

Kila Jumamosi nikitoka kazini nilikuwa napita nje ya ule ua wa mianzi bila kuingia. Kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine, katika chumba kimoja pale Nabuyonga, mjini Mbale, na ninapolala ni Namakwekwe, kwa mama mdogo. Ndani ya ua huo kuna shamba la mfano, katikati ya njia yangu. Kwenye lango wameandika kwa rangi nyeupe kwamba mtu yeyote anakaribishwa, hakuna kiingilio. Maneno ya namna hiyo hunifanya nitembee haraka zaidi. Ukiingia mahali ambapo mtu yeyote anakaribishwa, lazima kuna atakayekuja kukukaribisha.

Kupitia nafasi za mianzi niliwaona watu wanaolitunza. Hawakuajiriwa. Ni watu wa mjini tu, wengine wana maduka, wengine wamestaafu, ambao walifundishwa kilimo kwa miezi kadhaa, wakapewa viatu vya mpira na aproni za kijani, na sasa wanajitolea kuja kupalilia na kuonyesha wengine. Walikuwa wakicheka sana. Nilikuwa nawasikia hadi ninapokata kona.

Siku niliyoingia, niliingia kwa sababu ya simu ya Jaja.

Jaja ni bibi yangu, mama yake mama. Anaishi nje kidogo ya Buwenge, kaskazini ya Jinja, na ndiye aliyenilea tangu nilipomaliza darasa la saba. Alipiga asubuhi mashine zikiwa zinalia, ikabidi nitoke nje ndipo nimsikie. Jaja husema Kisoga. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoanza nayo, kwenye nyumba za askari magereza kule Jinja, ambako baba yangu alikuwa askari na watoto wa kila kabila walicheza pamoja.

"Mgomba wa mdogo wako unakufa," alisema.

Nilimwuliza unakufaje.

"Majani yamelala. Mkungu umeiva nusu, nusu mbichi. Mwambie baba yako aende akalijengee kaburi. Mtoto amechoka kulala kwenye udongo mtupu. Amekasirika."

"Nitamwambia, Jaja."

"Unasema hivyo kila siku."

Nikarudi kwenye mashine. Nilifuma mkono mmoja wa sweta, na nilipoupima ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Nikaufumua.

Lazima nieleze habari ya huo mgomba. Kwetu mtoto akizaliwa, kondo lake la nyuma halitupwi. Hufukiwa chini ya mgomba, na mgomba huo unakuwa wake. Mimi na mdogo wangu tulizaliwa hospitali, Jinja mjini, na mara zote mbili Jaja alikwenda kuwaomba wauguzi wampe kondo. Alilibeba hadi Buwenge ndani ya beseni dogo lililofunikwa kwa jani la mgomba, na abiria walipomwuliza amebeba nini alijibu kwamba amebeba mgeni. Langu lilifukiwa karibu na njia. La mdogo wangu lilifukiwa mbele kabisa, pale jua la asubuhi linapofika kwanza.

Mdogo wangu alikufa kwa homa akiwa na miaka minne. Mimi nilikuwa na minane. Baba ni mtu wa upande wa Teso, na mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo mwili ulipelekwa huko. Jaja hakwenda. Hakukuwa na nafasi kwenye gari la magereza. Baadaye baba alihamishiwa kaskazini, mama akamfuata, na hakuna aliyerudi kumwonyesha Jaja kaburi liko wapi. Yeye alibaki na mgomba. Asubuhi alikuwa anaumwagia maji ya kunawia uso, na kazi yoyote shambani, kupalilia, kuweka majani makavu, kupunguza machipukizi, ilianzia hapo. "Anza na mwenzio," alikuwa akiniambia. "Wewe unaweza kungoja."

Kwa hiyo Jumamosi ile niliposoma kibao kidogo kilichoning'inizwa langoni, kimeandikwa LEO: MIGOMBA, nilisimama. Halafu nikaingia.

Walikuwa wageni kama kumi na watano hivi. Mwanamke mmoja mnene mwenye hijabu ya zambarau na viatu vya mpira alikuwa akiwazungusha. Wenzake walimwita Hajati. Baadaye nilijua kwamba anauza vitambaa sokoni. Alituonyesha magunia yaliyojaa udongo na sukuma wiki imechomoza ubavuni kwenye matundu, na matairi ya zamani yaliyopandwa vitunguu. Alituonyesha vipande viwili vya mahindi, kimoja kilichowekwa mbolea ya ng'ombe na kingine kisichowekwa kitu. Cha pili kilikuwa na mahindi ya urefu wa goti, ya njano.

"Hiki tunakiacha makusudi," alisema. "Watu hunionea huruma. Jana mzee mmoja aliniambia, Hajati, hapo umeshindwa. Nikamwambia, mzee, hapo ndipo nimefaulu. Nimefaulu kukuonyesha shamba lako."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na rundo la mboji. Lilikuwa limechomekwa fimbo ndefu. Hajati alituambia tuivute na tushike ncha yake, ili tujue kama rundo linaiva. Zamu yangu ilipofika niliishika. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Niliirudisha polepole.

Kisha akatukabidhi kwa mzee wa migomba.

Nilijua kazi aliyostaafu kabla hajafungua kinywa. Alisimama kama baba yangu, visigino pamoja, mikono nyuma. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, ambacho nilikisikia nikiwa bado sijui kutembea. Kila mtu alimwita Afande.

"Hapa hapana leta mgomba gonjwa," alianza. "Mgonjwa nakaa nyumbani. Hapa iko picha." Akainua picha kubwa iliyowekwa ndani ya plastiki. Ilionyesha majani ya njano yaliyolala kama yamemwagiwa maji ya moto, mkungu wenye vidole vilivyoiva bila mpango, na shina lililokatwa likitoa usaha. "Hii nyinyi nasema kiwotoka. Nani naona hii kwake?"

Mikono kadhaa iliinuka. Wangu nilikuwa nimeufumbata mfukoni.

"Basi sasa nataka mtu ya kusaidia." Akaangalia watu. "Wewe wa nyuma. Sweta ya buluu."

Niligeuka kuangalia kama kuna sweta nyingine ya buluu. Haikuwepo.

"Hapana angalia nyuma, nyuma iko mbolea. Kuja!"

"Afande, usimtishe mtoto wa watu," alisema Hajati.

"Mimi natisha nani? Hata kuku ya nyumbani hapana niogopa."

Nikaenda. Mbele kulikuwa na ubao mrefu, na juu yake vipande vitano vya muhogo uliomenywa, vyeupe, vimesimamishwa kwa mstari. Afande akachukua panga. Alikoroga bluu, ule unga wa kufulia nguo nyeupe, kwenye kopo, akalipaka panga pande zote mbili kwa kitambaa. Akanipa.

"Kata kichwa ya kwanza. Halafu ya pili. Mpaka mwisho. Hapana futa."

Nilikata. Muhogo haukuwa mgumu. Nilikata vichwa vitano nikaweka panga chini. Kipande cha kwanza kilikuwa buluu juu yote, kama kofia. Cha pili kilikuwa na buluu nusu. Cha tatu kilikuwa na mstari mpana. Cha nne mstari mwembamba. Cha tano kilikuwa na doa dogo pembeni, ambalo mtu asiyetafuta asingeliona.

"Nani hapa iko mgonjwa?" aliuliza Afande.

"Wote!"

"Nani naleta ugonjwa? Mchawi?"

"Hapana!"

"Mungu?"

"Hapana!"

"Nani?"

"Huyu!" Wakanionyesha kwa vidole. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alipaza sauti: "Mshikeni! Amemaliza shamba la watu!"

"Na uso wake wa upole hivyo," alisema mwingine.

"Hawa wapole ndio wenyewe. Afande, mfunge!"

"Mimi nastaafu," alisema Afande. "Peleka yeye polisi."

Walicheka mpaka mtoto wa mgongoni akaamka. Nami nilitabasamu, maana nilijua kwamba inatakiwa kutabasamu. Nilikuwa naangalia vipande. Vilikuwa vimesimama kama migomba ya mbele ya nyumba ya Jaja ilivyosimama, kuanzia wa mdogo wangu hadi ule wa jikoni.

Nilikuwa nimekwenda Buwenge wiki kadhaa kabla ya hapo. Mtu wa jirani alimwambia Jaja kwamba lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu hunyonya nguvu, ukilikata ndizi zinanenepa. Panga letu lilikuwa limevunjika mpini, kwa hiyo Jaja alinituma kwa huyo jirani kuazima. Kwetu panga ni kitu cha kuazimana, kama moto. Nilimkuta shambani mwake akikata maua. Baadhi ya migomba yake ilikuwa na majani yaliyolala. Nilifikiri ni jua. Alilipangusa panga kwenye nyasi, akanipa, nikaja nalo. Nikaanza na mwenzangu, kama nilivyofundishwa. Nilikata ua la mdogo wangu, nikaenda wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Wangu haukuwa na mkungu msimu ule. Nikaupita.

Afande aliendelea kufundisha nikiwa bado nimesimama kando ya ubao, kwa sababu hakuna aliyeniambia nirudi. Alisema panga lichomwe kwenye moto mpaka lisishikike, au lioshwe kwa dawa ya kung'arisha nguo, kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Ua lisikatwe, livunjwe kwa mti mrefu wenye panda. Akachukua mti wa namna hiyo, akaingiza panda kwenye kikonyo cha ua, akasokota, ua likaanguka. "Hapa chuma hapana gusa kitu," alisema. Na mwisho akasema, "Siku zote anza na ile nzima. Gonjwa iko ya mwisho. Ukianza na gonjwa, wewe nabeba yeye kwa kila mtu."

Nilisikia kila neno. Nilihisi kama ninasikiliza habari za redio katika nyumba ya mtu mwingine.

Watu walipotawanyika nilikwenda kunawa. Bluu ilikuwa imeingia kwenye kucha. Hajati alikuja akanimwagia maji kwa kibuyu, ingawa kilikuwa na kamba ya kujimwagia mwenyewe.

"Walikutania sana," alisema. "Ndiyo tabia yao. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilikata, wakaniita Hajati Kiwotoka mwezi mzima."

Nilisugua kucha.

"Una migomba?"

"Ni ya Jaja."

"Inaumwa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Aliendelea kumwaga maji, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kuosha. Nikasema, "Hajati, mgomba ukiumwa lazima uchimbwe?"

"Zamani walikuwa wanachimba. Kwa nini?"

"Kama chini yake kuna kitu."

"Kitu gani, binti yangu?"

"Kitu cha mtu."

Aliweka kibuyu chini. Hakuniuliza tena. Aligeuka akaita kwa sauti ambayo nilitamani iwe ndogo: "Afande! Mgomba ukiwa na kiwotoka, lazima kung'oa shina lote na mizizi?"

Afande alikuwa akikusanya vipande vya muhogo ndani ya ndoo. "Hapana! Zamani sisi nachimba yote, watu nachukia sisi. Sasa kata ile shina gonjwa peke yake, chini kabisa, sawa na udongo. Hapana chimba. Ndugu zake nangoja, naangalia kila wiki. Ikigonjwa, kata. Ikipona, Mungu saidia."

"Umesikia," aliniambia Hajati. "Udongo hauguswi."

Nikasema nimesikia. Kabla sijaondoka alinipa mti wa panda, ule ule wa Afande, na alipoulizwa alimwambia Afande akatafute mwingine. Nilitembea nao hadi Namakwekwe. Ulikuwa mrefu kuliko mimi, na madereva wa bodaboda waliniuliza kama nakwenda kuvua samaki.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa, nikasafiri. Nilifika Buwenge siku ya soko, nikapita pembeni ili nisisalimiane na watu wengi.

Jaja alikuwa ameufunga mgomba wa mdogo wangu kitambaa cheupe kiunoni. Ulikuwa na mashina mawili makubwa na chipukizi moja. Mashina yote mawili yalikuwa na majani ya njano yaliyolala. Chipukizi lilikuwa la kijani, limesimama. Chini yake udongo ulikuwa na unyevu wa maji ya asubuhi. Niliangalia wa pili, nikaona jani moja la njano. Niliangalia wa tatu. Ulikuwa na jani moja pia. Wa nne na wa tano ilikuwa mizima. Na wangu ulikuwa mzima, na ulikuwa umeanza kutoa mkungu.

"Umemwambia baba yako?" aliuliza Jaja kabla sijakaa.

"Bado."

"Basi nitakwenda mimi. Nitauza mbuzi niende mwenyewe. Nitauliza njiani mpaka nifike."

Jaja ana magoti mabaya. Kwenda kisimani tu anapumzika mara mbili. Lakini nilimjua. Angeuza mbuzi.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mbale. Nilikuwa nimeyaandika hata kwenye karatasi, kwa sababu mimi naandika polepole na maneno hunijia vizuri zaidi hivyo. Yalikuwa maneno kumi na moja. Nilikaa kwenye mkeka tukamenya mihogo ya mchana, na hakuna hata moja lililotoka. Jaja alizungumza habari za mbuzi, nani atamnunua, nani hatamnunua kwa sababu ni mchoyo. Mimi nilisema ndiyo.

Kisha nikainuka. Nilikwenda ndani nikachukua bluu kwenye kopo la sabuni. Nikaikoroga. Panga letu lilikuwa limepata mpini mpya. Nikalipaka. Nikachagua mihogo mitano kwenye beseni, nikaisimamisha kwenye ubao wa kukatia nyama, mbele ya Jaja.

"Unafanya nini?"

Nilikata wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano.

Jaja aliangalia mihogo, akaniangalia mimi.

"Umeharibu chakula," alisema.

Nikaonyesha panga kwa kidole. Nikasema, "Hili ni la jirani." Nikaonyesha muhogo wa kwanza, wenye kofia ya buluu, nikataja jina la mdogo wangu. Hatulitaji sana pale nyumbani. Kinywani mwangu lilikuwa kama jina la mtu niliyesoma naye. Nikaonyesha wa pili. "Huu ni ule wa pili. Una jani la njano, umeliona?" Nikaonyesha wa tatu. "Huu pia." Halafu nikasema, "Hajakasirika, Jaja. Ni mimi niliyekata."

Kuku mmoja alikuja kuangalia mihogo. Jaja akamfukuza kwa mguu bila kumtazama.

Nilikuwa nangoja apige kelele, au alie, ili na mimi nijue la kufanya. Hakufanya hivyo. Alichukua kisu, akaanza kukwangua buluu kwenye muhogo wa kwanza, kidogo kidogo, mpaka ukarudi kuwa mweupe. Akautia kwenye sufuria. Akachukua wa pili.

"Nani alikutuma kuazima?" aliuliza.

"Jaja, siyo—"

"Nakuuliza. Nani?"

"Wewe."

"Na nani alikwambia uanze na yeye?"

Akangoja. Jaja anajua kungoja.

"Wewe, Jaja."

"Basi." Akautia wa pili kwenye sufuria. "Usibebe hatia hii peke yako kama mtu anayebeba ndoo ya sherehe ili wote wamwone."

Alipomaliza wa tano aliuliza wanasemaje huko Mbale, lazima kuchimba? Nikamweleza. Shina linakatwa sawa na udongo, udongo hauguswi. Akanifanya nirudie. Akauliza nani kasema. Nikasema Afande mmoja wa magereza aliyestaafu.

"Askari," alisema. "Walimchukua mtoto kwa gari, sasa wanamrudishia udongo." Lakini aliinuka.

Tulianza na wa kwangu, kwa sababu ulikuwa mzima. Haukuwa na ua la kuvunja bado, ila Jaja alitaka uguswe, kwa hiyo niliugusa kwa mti wa panda tukaendelea. Wa nne na wa tano nilikuwa nimekwisha kuikata maua siku ile, kwa hiyo tulikagua majani tu. Kisha tukachoma panga kwenye jiko mpaka Jaja alipolitemea mate na mate yakalia. Tukakata shina la mgomba wa tatu. Tukachoma tena. Tukakata la wa pili. Tukachoma tena.

Wa mdogo wangu ulikuwa wa mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuwa wa mwisho. Jaja alifungua kitambaa, akakikunja, akakiweka kifuani ndani ya nguo. Alinyoosha mkono nikampa panga, kisha akaangalia magoti yake, akanirudishia.

"Chini," alisema. "Lakini usichome ardhi."

Nilipiga magoti nikakata mashina mawili, polepole, sawa na udongo. Ndani yalikuwa na madoa ya kahawia na kile kitu cha njano kilichokuwa kwenye picha. Kilitoka taratibu. Nilikiona, nikafikiri kwamba picha ya Afande ilikuwa nzuri, rangi zilikuwa sahihi. Ndilo nililolifikiria. Chipukizi tuliliacha.

Mchana tulikula ile mihogo. Hapa na pale ilikuwa na rangi kidogo. Jaja hakuuza mbuzi.

Wiki ya pili alipiga simu akasema chipukizi limepata njano kwenye ncha. Nilimwuliza kama ni jua. Akasema siyo jua, sasa anajua tofauti. Nilikwenda nikalikata. Lilikuwa jembamba, kama kifundo cha mkono wangu, na panga halikuhitaji nguvu. Hakuna kingine kilichochipua pale.

Nilirudi kwenye shamba la mfano baada ya hapo, kwa sababu Afande anasema mahali penye ugonjwa pasipandwe mgomba kwa miezi, papandwe kitu kingine, na Jaja alitaka kujua kitu gani. Hajati alikuwa akimwagilia magunia.

"Mgomba?" aliniuliza.

"Umekwisha."

"Na mingine?"

"Mitatu ipo. Ile miwili tuliyoikata imeacha machipukizi, bado ni mazima."

"Alhamdulillahi. Na kile kitu?"

"Kipo. Hakikuguswa."

Akanifungia maharage kwenye kipande cha gazeti, yale mafupi yanayokomaa haraka. Akaniambia kwamba wanatafuta watu wa kufundisha, kundi jipya, na sio lazima mtu awe na maneno mengi. Nikasema nitafikiri. Bado nafikiri. Ila nikipita sasa naingia, na mara nyingine Afande hunipa panga nimpakie bluu wakati yeye akizungumza. Wageni wanaocheka na kusema mkataji afungwe huwa ni wapya kila mara.

Jaja alipanda maharage pale mbele, pale jua linapofika kwanza. Alipanda kwa kidole, bila jembe. Yalipokomaa nilikuwepo. Aliyapika kwa chumvi na kitunguu, akanipa sahani ya kwanza, halafu akajipakulia yake. Tulikula tukiangalia uwanja. Palikuwa na mwanga mwingi kuliko zamani, kwa sababu hakukuwa na majani ya kuuzuia.

"Yana chumvi?" aliuliza Jaja.

Nilitafuna. Yalikuwa maharage tu.

"Yana," nikasema.